Waliokataa Mto Uzibwe

Wengi wetu tunaokuja Guangzhou huja na orodha ya mzigo: vigae, taa, vipuri vya pikipiki, majora ya vitambaa. Mimi nilikuja na orodha ya mito. Mama wa Temeke aliyenipokea mtaa wa Xiaobei, mzoefu wa mji huu na wa maghala yake yote, alinisikiliza akiwa bado anahesabu marobota kwenye daftari. "Mwanangu, huku watu huulizia bei. Wewe unaulizia nini hasa?"

Nikamwambia naulizia watu waliogoma kuhama mabwawa makubwa yalipojengwa, na mahali maneno yao yalipohifadhiwa. Akaifunga kalamu. "Kwenu wapi vile?"

"Rufiji, mama. Utete."

"Aa. Basi nimekuelewa."

Mtu wa Rufiji hahitaji kueleza sana kwa nini anafuatilia habari za mabwawa. Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto wetu, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 22, 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kufua umeme Februari 2024. Wazo lenyewe ni la zamani. Mamlaka ya kuendeleza bonde, RUBADA, iliundwa mwaka 1975, na tangu miaka hiyo wataalamu wamepima maji, miamba na mchanga, wakajaza makabati. Ripoti zile nimezisoma kadiri nilivyozipata. Watu wa bondeni wamo, lakini wamo kama idadi: kaya kadhaa, ekari kadhaa. Anayetaka kujua walisema nini walipoambiwa kuwa mto wao utafungwa lango, makabati yale hayamsaidii.

Umeme ninautaka kama anavyoutaka kila mtu, na sikusafiri kwenda kuutukana. Nililotaka kujua ni hili: nchi iliyojenga mabwawa mengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani imefanya nini na kumbukumbu ya waliosema hapana? Guangzhou, ingawa iko kwenye mlango wa Mto Zhujiang na mbali na magenge ya Yangtze, ina mambo mengi ya kujibu swali hilo.

Jambo la kwanza nilielezwa na kijana wa Tanga anayesomea uhandisi wa umeme hapa, ambaye yule mama alinikabidhi kwake awe mkalimani wangu. Tulikuwa ng'ambo ya mto jioni, majengo ya Zhujiang New Town yamewaka kuanzia chini hadi kileleni, na mnara wa Canton unabadilisha rangi. "Kaka, umeme huu mwingi si wa hapa," alisema. Akaanza kutaja njia zake kama mtu anayetaja vituo vya daladala. Mwaka 2004 ilikamilika laini ya kuleta megawati 3,000 Guangdong kutoka upande wa bwawa la Magenge Matatu, kwenye Yangtze. Baadaye ikaja ya Yunnan, ya msongo wa kilovoti 800, zaidi ya kilomita 1,300 juu ya milima, ikishusha megawati 5,000 pembeni mwa Guangzhou. Kisha ya Nuozhadu, bwawa lililoko kwenye Mto Lancang, ambao ukivuka mpaka huitwa Mekong. Kwa kulinganisha, laini yetu kutoka Rufiji hadi Chalinze ni ya kilovoti 400. Kwa hiyo taa zile tulizokuwa tunaziangalia zilikuwa na mashamba ya watu nyuma yake, mbali kiasi kwamba anayewasha swichi hana sababu ya kuyafikiria.

Kesho yake tulikwenda Barabara ya Wenming, mtaa wa miti mikubwa yenye mizizi inayoning'inia. Pana jengo la rangi ya manjano lenye mnara wa saa, ambamo Januari 1924 chama cha Kuomintang kilifanya mkutano wake mkuu wa kwanza. Palikuwa chuo cha ualimu, na mwaka huo huo Sun Yat-sen, kiongozi wa chama hicho, alitoa hapo mfululizo wa mihadhara yake. Alikwishaandika mwaka 1919 kwamba magenge ya Yangtze yafaa kuzibwa ili meli zipite na maji yafue umeme. Katika mhadhara wa Agosti 1924, hapa Guangzhou, alitaja na hesabu: sehemu ile ya mto ingeweza kutoa nguvu za farasi milioni 30. Kijana wangu alitoa simu akakokotoa. Bwawa la Magenge Matatu lilipokamilika lilikuwa na megawati 22,500, ambazo ukizigeuza zinakuwa nguvu za farasi milioni 30 na kidogo. Alibaki akiitazama simu, na mimi vilevile. Maneno ya mtu mmoja yalitunzwa tangu 1924, kwa tarehe na kwa tarakimu, hadi yakawa zege.

Waliopinga hawakutunzwa hivyo. Mhandisi Huang Wanli alikataa bwawa la Sanmenxia kwenye Mto Manjano mwaka 1957, akisema tope litalijaza. Aliadhibiwa kisiasa, bwawa likajengwa, na tope likalijaza ndani ya miaka michache. Mwandishi Dai Qing alikusanya mwanzoni mwa 1989 hoja za wanasayansi na waandishi waliopinga Magenge Matatu, akazitoa kitabu. Kabla mwaka haujaisha kitabu kimepigwa marufuku na yeye yuko gerezani. Hata hivyo kura ya bunge ya Aprili 1992 inaonyesha kwamba shaka haikufutika: 1,767 waliunga mkono, 177 walikataa na 664 hawakutaka kuchagua upande. Katika bunge lile, ambalo lilizoea kupitisha kila kilicholetwa, ilikuwa kelele kubwa. Zaidi ya watu milioni 1.2 walihamishwa, na baadhi yao waliletwa hapa Guangdong kuanza upya.

Hatua chache kutoka kwenye mnara wa saa, mtaa huo huo, iko Maktaba ya Zhongshan ya mkoa. Nilikuwa na haja ya gazeti moja. *Southern Weekend*, au Nanfang Zhoumo, lilianzishwa Guangzhou mwaka 1984 na kwa miaka mingi wasomaji wa China waliliamini kuliko magazeti mengi ya mji mkuu. Mkutubi, mwanamke wa makamo mwenye mikono ya shati iliyokunjwa, alinakili namba ya pasipoti yangu, akatuuliza mara mbili mwaka gani, akaenda. Alirudi akisukuma kigari chenye majalada makubwa, akachomoa moja, akalilaza juu ya meza kwa mikono yote miwili, halafu akanionyesha jinsi ya kufunua: ukurasa unashikwa kwenye kona ya juu, hauvutwi kutoka chini, kwa sababu karatasi ya gazeti hupasuka kwenye mshono. Akasimama hadi nilipofunua kurasa tatu bila kuharibu kitu.

Tulichokuwa tunakitafuta kilikuwa mwisho wa Septemba 2004: habari ya Liu Jianqiang kuhusu genge la Hutiaoxia, kule Yunnan, ambako Mto Jinsha unapita katikati ya milima miwili kwa kasi ya kutisha. Mradi wa bwawa ulikuwa umeanza kushughulikiwa kabla haujaidhinishwa, na watu wapatao 100,000, wengi wao wakulima wa kando ya mto, wangepoteza ardhi bila kuulizwa. Habari hiyo ilifika kwa Waziri Mkuu Wen Jiabao. Mwezi uliofuata mkulima wa kijiji cha Chezhou alisimama kwenye mkutano wa kimataifa wa umeme wa maji mjini Beijing, mbele ya maofisa na wahandisi, akazungumza kama mwenye haki ya kuulizwa. Aliyewasaidia wakulima wale kujua kinachoendelea alikuwa mtoto wa kijiji hicho hicho, mwanaanthropolojia Xiao Liangzhong, ambaye alihangaika na suala hilo hadi akafariki ghafla Januari 2005 akiwa na miaka 32. Walimzika kwao, kando ya Jinsha. Mwishoni mwa 2007 serikali ya Yunnan iliachana na bwawa lile.

Kijana alinisomea aya kwa aya, kwa sauti ya chini, kidole chake kikielea juu ya mistari bila kuigusa. Nilichogundua pale mezani ni kwamba gazeti lile lilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Lilipiga mbiu, na papo hapo likaweka kumbukumbu. Wakulima wa Jinsha wamo ndani ya jalada la maktaba ya mkoa unaotumia umeme wa Yunnan, na wameingia humo kwa kuwa kuna mtu alikwenda kuwasikiliza maji yakiwa bado yanapita.

Mwaka huo huo wa 2004 kazi kama hiyo ilifanywa kwa kamera. Mto Nu, nao wa Yunnan, ulikuwa umepangiwa mabwawa 13. Yu Xiaogang, wa shirika la Green Watershed la Kunming, aliwapeleka wakulima wa Nu kuwatembelea wenzao waliohamishwa na bwawa la Manwan, kwenye Lancang. Mtengenezaji wa filamu Shi Lihong akawarekodi. Walichokikuta kule ni watu waliokuwa wakulima, sasa wanachambua takataka kutafuta cha kuuza. Hotuba yoyote kuhusu fidia isingewaeleza kiasi kile. Wen Jiabao alikwishasimamisha mpango wa Nu mapema mwaka huo. Na si kila mahali mambo yalikwenda hivyo: vuli ya mwaka huo, Hanyuan, mkoani Sichuan, makumi ya maelfu ya watu waliandamana na kukaa kwenye eneo la bwawa la Pubugou, vikosi vikaletwa, na bwawa likajengwa.

Usiku, Xiaobei, nilisimulia haya mezani kwa yule mama. Alikuwepo mfanyabiashara wa Jinja, Mganda, aliyekuja kutafuta mashine za kukoboa. Aliacha kula. "Sisi yetu iko chini ya maji," alisema. Maporomoko ya Bujagali, kwenye Nile, yalizama bwawa la megawati 250 lilipojazwa, na bwawa likazinduliwa rasmi Oktoba 2012. Serikali na wajenzi walifanya sherehe za kuihamisha mizimu ya pale, kama vile kuhamisha makaburi. Mzee aliyeshika kiti cha Budhagali, mzimu wa maporomoko yale, alikataa, akasema mzimu hauhamishwi na mkandarasi. Yule bwana wa Jinja ni Mkristo na hakuwa akiamini habari za mizimu, lakini alimtetea mzee kwa moyo wote: "Ndiye peke yake walilazimika kwenda kumwomba. Sisi wengine walitupa fomu."

Mama wa Temeke akasema kuwa fomu nayo ina sauti ukijua kuisoma. Yeye ameshughulika na forodha nusu ya maisha yake. Neno hilo nililikumbuka kule Heyuan.

Heyuan iko kaskazini mashariki, safari ya saa chache kwa basi, milima ya mianzi pande zote. Hapo ndipo Guangdong ilipojenga bwawa lake kubwa, la Xinfengjiang, kuanzia 1958. Ukuta una kimo cha mita 105. Maji yalianza kukusanywa Oktoba 1959, na ziwa lililotokea, ambalo sasa linauzwa kwa watalii kwa jina la Wanlü, lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 370. Maji yake hushuka Mto Dongjiang na kunywewa hadi Hong Kong. Watu zaidi ya 100,000 walihamishwa, wengi wao Wahakka. Wanafunzi wa uhandisi duniani kote hulijua bwawa hili kwa sababu moja: Machi 19, 1962 ardhi ilitetemeka hapo kwa kipimo cha 6.1, na wanasayansi wakahusisha tetemeko hilo na uzito wa maji. Ukuta ulipata nyufa, ukaimarishwa. Kijana wa Tanga alifundishwa hayo darasani, na michoro ya nyufa ameiona. Habari za watu hakufundishwa.

Tulizisikia kwa bibi mmoja anayeuza tambi za mchele karibu na gati la boti. Jina lake aliniomba nisiliandike. Alikuwa msichana wa kumi na kitu walipoondoka. Wahakka wana desturi ya kufukua mifupa ya wazazi wao baada ya miaka kadhaa na kuiweka kwenye mtungi. Baba yake alibeba mzega: kikapu cha mbele kilikuwa na mtungi wa mifupa ya babu, cha nyuma alikaa mdogo wao wa mwisho, na njia nzima alikuwa akihamisha mawe madogo kutoka kikapu kimoja hadi kingine ili uzito ulingane. Walipelekwa upande wa Huiyang. Walipewa chumba katika nyumba ya watu ambao nao hawakuwa na nafasi, na shamba ambalo wenyewe walikuwa wameliacha kwa kukosa rutuba.

"Tulikaa miaka miwili," alisema. "Halafu tukarudi."

Kurudi wapi, nikauliza, ilhali kijiji kimezama? Alinyoosha kijiko kuelekea milimani. Walirudi juu ya maji, kwenye mteremko wa mlima uliokuwa nyuma ya kijiji chao, ambao sasa umekuwa ukingo wa ziwa. Walijenga kibanda, wakapanda viazi vitamu na chai kwenye mwinuko ambao mbuzi angeteleza. Hawakuwa na kibali cha kuishi pale, kwa hiyo hawakuwa na mgao wa nafaka. Maofisa walikuja na daftari, wakawaandika majina, wakawaamuru waondoke. Wakaondoka, wakarudi tena. Hawakuwa peke yao. Waliohamishwa na Xinfengjiang walirudi kwa wingi, miaka nenda miaka rudi, na mamlaka zilihangaika nao kwa muda mrefu.

Nilimuuliza kama kuna mtu amewahi kuja kuandika habari hizi. Akacheka. "Wameniandika mara nyingi! Kila nikirudi wananiandika."

Hapo ndipo neno la mama wa Temeke lilipopata maana yake kamili. Nilikuwa natafuta faili lenye jina la upinzani, na faili la namna hiyo halipo, wala si lazima liwepo. Daftari la ofisa aliyetumwa kuwafukuza waliorudi bila kibali ndilo kumbukumbu ya kukataa kwao. Mtu hapandi viazi juu ya mteremko ule, bila mgao, kwa miaka, kwa sababu amekubali kuhama. Kila jina katika daftari lile ni kura ya hapana, na ofisi yenyewe imeihesabu na kuigonga muhuri. Anayetaka historia ya watu wa mito asome orodha hizo, halafu awatafute waliomo kabla hawajafa, maana daftari linasema nani alirudi bila kusema kwa nini.

Afrika tunao mfano bora wa kazi hiyo, na sioni ukitajwa vya kutosha. Kariba ilipokuwa inajengwa kwenye Zambezi, Elizabeth Colson na Thayer Scudder walikwenda kukaa na Watonga wa bonde la Gwembe mwaka 1956, kabla ya maji. Wakaandika mashamba, ukoo, makaburi, ngoma, nani anamdai nani. Watu 57,000 walihamishwa pande zote mbili za mto. Septemba 10, 1958 polisi waliwafyatulia risasi wanakijiji wa Chisomo waliokataa kupanda malori, wakaua wanaume wanane. Watafiti wale waliendelea kurudi kwa miongo mingi, na kwa ajili hiyo leo Mtonga anaweza kusoma bibi yake alilima wapi. Jambo lile lilifanywa kwa madaftari na subira, vitu ambavyo Utete inaweza kuvipata.

Kwani sisi tulirudi vilevile. Baada ya mafuriko ya 1968, Operesheni Rufiji iliwatoa watu bondeni na kuwapanga kwenye vijiji vya juu. Haikuwa kwa ajili ya bwawa, lakini mantiki ilikuwa ile ile: mto ni hatari, watu wakae mbali nao. Wakapandishwa. Na msimu ulipofika wakashuka tena, wakajenga madungu yao juu ya nguzo, wakalima mlau katika udongo ambao mafuriko yameuacha umelowa na umenona. Miaka na miaka wameishi hivyo, nyumba juu, maisha bondeni. Aprili 2024 maji yalipoifunika Rufiji na Kibiti, mabishano yalikuwa kama bwawa jipya limeyapunguza au limeyazidisha. Sikusikia wakiulizwa wanaojua mafuriko kwa kina cha nguzo za dungu.

Jioni hiyo, Heyuan, nilimpigia simu shangazi yangu Utete. Nilimwamkia, nikamweleza habari za bibi wa tambi na mzega wa baba yake. Alitaka kujua mifupa ile hatimaye ilizikwa wapi. Nikamwambia iko kwenye mteremko, juu ya ziwa, na bibi huipelekea chai. Akaridhika. Nikamwambia nikirudi nitakaa naye na daftari, anitajie mashamba yote ya bondeni ya ukoo wetu, madungu yalikuwa wapi, nani alirudi lini baada ya Operesheni na alimwambia nini ofisa.

"Mimi nilikuwa mdogo," alisema. "Usianze na mimi. Anza na mke wa marehemu kaka yetu mkubwa, yeye alishuka na mtoto mgongoni mwaka ule ule wa kwanza, na bado ana akili zake. Na uje kabla ya masika, njia haijaharibika. Una kalamu hapo? Basi anza kuandika majina, mimi nayataja."